Boti za topido na vita vya Ziwa Tanganyika

Boti ya topido ni chombo kidogo cha vita, chepesi na chenye kasi, kilichoundwa ili kuisogelea manowari kubwa, kuirushia topido na kutoweka kabla mizinga yake haijaelekezwa. Topido ni bomu refu linalojiendesha lenyewe ndani ya maji na kupasua ubavu wa meli mahali ambapo tundu moja linaweza kuizamisha. Katika Afrika Mashariki boti kamili za aina hii zilifika miaka ya 1970, zikitoka China. Lakini ndugu zao wa karibu, boti mbili za mbao kutoka kiwanda kilichoanzisha ukoo huo Uingereza, zilipigana katika Ziwa Tanganyika miaka 60 kabla ya hapo.

Asili

Mwanzoni silaha hii ilimtisha hata aliyeitumia. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mabaharia walifunga bomu kwenye ncha ya mti mrefu, wakaenda nalo mpaka ubavuni mwa adui. Ndivyo Luteni William Cushing alivyoizamisha manowari Albemarle mnamo Oktoba 1864, na boti yake mwenyewe ikapotea palepale. Mwaka 1866 Robert Whitehead, fundi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Fiume (leo Rijeka, Kroatia), alitengeneza topido iliyosukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Miaka 10 baadaye kiwanda cha John I. Thornycroft, kando ya mto Thames, kiliunda boti Lightning kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Januari 1878 boti za Warusi ziliizamisha meli ya Kituruki Intibah karibu na Batumi, na hiyo ikawa meli ya kwanza kuzamishwa kwa topido ya kujiendesha.

Mataifa makubwa yaliingiwa na hofu, na kwa haki. Manowari iliyogharimu mamilioni ingeweza kuuawa usiku mmoja na vijana wachache waliopanda boti ya bei ndogo. Manowari zikafungwa taa kali, zikazungushiwa nyavu za chuma, zikawekewa mizinga midogo ya kufyatua haraka, hasa ile ya Hotchkiss ya milimita 47. Mwaka 1893 kiwanda cha Yarrow kilitoa Havock, meli iliyoundwa mahsusi kuwinda boti za topido. Hofu hiyo ilizaa maafa yake: Oktoba 1904 msafara wa manowari za Urusi, ukielekea kupigana na Japani, uliwafyatulia risasi wavuvi wa Kiingereza katika Bahari ya Kaskazini ukidhani ni boti za topido za Wajapani. Sehemu kubwa ya msafara huohuo ilitia nanga Nosy Be, Madagaska, mwanzoni mwa 1905, kabla ya kwenda kuangamizwa Tsushima.

Kwenye pwani yetu topido ilijaribiwa Novemba 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliingiza boti ndogo iliyobeba topido, ikapokewa kwa risasi kutoka kwenye mikoko, ikarudi bila kufanikiwa. Königsberg iliangamizwa Julai 1915 kwa mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey.

Mimi na Toutou

Vita hivyo vilipoanza, Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliipiga Alexandre Delcommune ya Wabelgiji karibu na Lukuga, leo Kalemie, na tangu hapo pwani nzima ya Kongo ikawa wazi kwao. Aprili 1915 mwindaji John R. Lee alipeleka wazo London: boti za injini zisafirishwe nchi kavu kutoka Afrika Kusini hadi ziwani. Wakuu wa jeshi la majini wakakubali na kumpa uongozi Geoffrey Spicer-Simson, akiwa na watu wachache, maofisa na mabaharia pamoja wakiwa 28.

Boti zilizochaguliwa, zilizopewa majina Mimi na Toutou, zilikuwa kazi ya Thornycroft, wale wale wa Lightning. Zilikuwa na urefu wa mita 12, mbao nyembamba za mahogani, na mwendo wa maili za bahari 19 hivi kwa saa. Hazikubeba topido. Mbele ziliwekewa mzinga wa Hotchkiss wa milimita 47, na nyuma bombomu. Yaani silaha iliyobuniwa kuziua boti za topido sasa ilibebwa na boti za jamaa yao.

Safari yenyewe inastahili nafasi kubwa kuliko mapigano. Kutoka Cape Town boti zilipanda treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka hapo hadi Sankisia hapakuwa na reli, ila milima ya Mitumba na pori. Matrekta ya mvuke na ng'ombe wengi wa kukokota ndio waliozivuta, juu ya njia iliyokatwa na madaraja zaidi ya 100 yaliyojengwa na vibarua Wakongo. Maji ya matrekta yalibebwa kichwani. Kisha zikapakiwa tena kwenye reli hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, zikamalizia kwa treni mpaka Lukuga mwishoni mwa Oktoba 1915. Waandishi wengi wamemshangaa Spicer-Simson kwa majivuno na vituko vyake. Nguvu iliyozifikisha boti ziwani ilikuwa ya Wakongo, na bila njia yao kusingekuwa na vita vya kusimulia.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ya Wajerumani ilikaribia pwani kupeleleza. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, kwa hiyo Mimi na Toutou zikaizunguka na kuipiga kutoka nyuma. Ilikamatwa baada ya dakika chache, ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann.

Ikabaki Graf von Goetzen, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye mabaki ya Königsberg. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia, na alilaumiwa. Lawama hiyo ni nzito mno: boti ya mita 12 isiyo na topido haina cha kuifanyia meli kama ile. Baadaye mzinga uliondolewa kwa vita vya nchi kavu, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi.

Baada ya hapo

Mwaka huohuo wa 1916 Thornycroft ilianza kutoa boti za pwani za urefu uleule wa mita 12, safari hii zikiwa na topido mgongoni. Mojawapo, ikiongozwa na Augustus Agar, iliizamisha manowari ya Kirusi Oleg karibu na Kronstadt mnamo Juni 1919. Vita vya Pili vya Dunia vilizizidisha boti za aina hii. Zama zao zilianza kufifia Oktoba 1967, boti za Misri zilipoizamisha Eilat ya Israeli kwa makombora ya kushambulia meli.

Tanzania ilipokea boti nne za topido za aina ya Huchuan mwaka 1975, zenye mabawa ya chini yanayoinua chombo kikishika kasi. Vita vilivyofuata, vya Kagera dhidi ya Uganda, vilikuwa vya nchi kavu. Majeshi ya Tanzania yalipouteka mji wa Mbarara, Uganda, Februari 1979, topido hazikuwa na kazi.

Graf von Goetzen iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikaitwa Liemba mwaka 1927. Mei 2015 iliwabeba maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao, kutoka Kagunga hadi Kigoma. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, wapo Warundi na Wakongo waliolelewa kando ya ziwa hilo. Vitabu vinawataja mabaharia wa Kiingereza kwa majina na vyeo, na vibarua wa Katanga kwa jumla tu. Mwenye babu au bibi aliyesimulia habari za njia ya Fungurume na aziandike sasa, pamoja na majina.