Historia ya Umri wa Kuanza Shule (Sehemu ya 3): Mkono, Sikio na Darasa la Kwanza

Kila ikikaribia Januari, swali ni lile lile, kliniki na kwenye meseji: "Sista, mwanangu anafikisha miaka mitano, nimpeleke chekechea au nimwache mwaka mmoja akomae kwanza?" Leo nataka tupitie historia kabla ya kujibu, maana ukiijua hutababaishwa na jirani wala na mwenye shule.

Tuanze na sikio. Wengi wetu, au wazazi wetu, tulipimwa kwa mkono. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukigusa sikio la kushoto unaandikishwa, usipogusa unarudi nyumbani. Watu wanacheka, lakini kipimo kile kilikuwa na sababu yake. Mtoto akizaliwa, kichwa ni karibu robo ya urefu wake wote. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane tu. Mikono inarefuka kuliko kichwa kinavyokua, kwa hiyo kufika miaka sita au saba wengi wanagusa. Enzi hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache, na mzazi alikumbuka tu kwamba mtoto alizaliwa mwaka wa mvua kubwa au mwaka wa njaa. Mwalimu angefanyaje?

Shida ni kwamba mkono unapima mkono. Hausemi kama mtoto anasikia vizuri, anaongea, au anaweza kwenda chooni mwenyewe. Na mtoto mwenye udumavu anaweza kuwa na miaka saba kamili na mwili wake ukamwangusha kwenye kipimo hicho. Yule aliyekosa lishe ndiye aliyekuwa anakoseshwa na shule pia.

Sasa swali: nani aliamua kwamba saba ndiyo umri? Si daktari. Mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watoto wanaoanza na miaka mitano au sita wanamaliza shule ya msingi wakiwa wadogo mno kuwa wafanyakazi na raia wa kutegemewa kijijini. Akataka waanze wakiwa wakubwa zaidi. Hesabu ilianzia mwisho wa shule, ikarudi nyuma. Halafu Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi, lililopangwa kufikiwa 1989, likavutwa hadi 1977. Madarasa yakafurika, na waliochelewa wakakaa dawati moja na wadogo zao.

Uingereza nao walienda upande wa pili. Sheria yao ya 1870 iliruhusu bodi za shule kulazimisha watoto kuanzia miaka 5, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wakianza mapema watamaliza mapema waende kazini. Ufini mpaka leo darasa la kwanza ni mwaka mtoto anaotimiza 7. Na Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeipa chekechea jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, alitaka humo kuwe na michezo, nyimbo na vitu vya kujengea.

Hapa kwetu namba imeendelea kuhama. Sera ya 1995 ilisema darasa la kwanza ni miaka 7. Sera ya 2014 ikashusha, na toleo lake la 2023 limeweka miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Unaona? Watoto hawakubadilika miili wala akili. Kilichobadilika ni mahitaji ya nchi.

Kwa hiyo mzazi, usimwone mwanao mjinga kwa kuwa wa jirani alianza na miaka minne. Na usimfiche nyumbani eti bado mdogo wa umbo. Umbo dogo si sababu ya kusubiri. Tuletee kadi ya kliniki tuangalie uzito na urefu wake, lishe irekebishwe huku anasoma.

Kusubiri kuna maana kama kwa umri bado, mathalani kazaliwa mwishoni mwa mwaka na shule yenyewe ni ya kukaa kimya na kuandika tangu asubuhi. Hapo mwaka mmoja wa kucheza, kusikiliza hadithi na kutumwa dukani haupotei.

Lakini kama unasubiri kwa sababu haongei vizuri, haitiki akiitwa, au anasogelea sana TV, tafadhali usisubiri. Mwaka wa kukaa nyumbani hautibu sikio wala jicho. Mlete apimwe sasa, mwezi huu, usingoje Januari.

Na kama unamchelewesha ili abaki na mdogo wake wewe uende genge, nakuelewa, maisha ni magumu. Ila mara nyingi anayebaki ni wa kike. Akichelewa miaka miwili, atavunja ungo akiwa bado shule ya msingi, na hapo ndipo maneno ya "ameshakuwa mkubwa, aache tu" yanapoanza. Ongea na bibi, shangazi au jirani, mtafute namna nyingine.

Sehemu ya 4 nitaongelea usingizi na uji wa asubuhi kwa mtoto wa awali. Maswali yaacheni hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.