Nani Amehesabiwa? Uteuzi wa Viwango vya Wavuti kwa Watumiaji wa Kibera na Kawangware

Suala la viwango vya kiufundi ambavyo mtengenezaji wa tovuti anapaswa kufuata hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la mamlaka, nalo kwa upande huo limekwisha kupata jibu. W3C, muungano wa viwango vya wavuti ulioanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, ulijaribu kuipa HTML, lugha ya alama inayoupa ukurasa umbo lake, sarufi kali kiasi kwamba kosa moja dogo lingetosha kuuzuia ukurasa mzima usifunguke. Mwaka 2004 watu kutoka Apple, Mozilla na Opera waliunda kundi la WHATWG, lililoandika kiwango kwa kuzifuata kurasa jinsi zilivyo, na mwaka 2019 muungano huo ukakubali kwamba HTML ni ile ya WHATWG. Waundaji wa vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa, walishinda. Ushindi huo, hata hivyo, haumfai sana anayetengeneza tovuti ya zahanati kwa wakazi wa Kibera au Kawangware jijini Nairobi, kwa kuwa linalomhusu zaidi ni nani aliyehesabiwa kiwango kilipopimwa.

Mfano ulio wazi ni Baseline, kipimo kilichotangazwa mwaka 2023 ili kuonyesha vipengele vya wavuti vilivyo salama kutumiwa: kipengele huhesabiwa kuwa kimeenea miezi 30 baada ya kupatikana katika vivinjari vya Chrome, Edge, Firefox na Safari. Opera Mini, iliyopendwa na Wakenya wengi kwa sababu hubana data, haimo. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hupitia kwanza seva za Opera, na JavaScript, lugha inayouwezesha ukurasa kutenda, huendeshwa huko kwa muda mfupi tu badala ya kuendeshwa kwenye simu, hivyo menyu inayoitegemea huenda isifunguke na fomu isitume kitu. Anayetumia kivinjari hicho kwa bando la siku moja amepiga hesabu zake vizuri. Aliyekosea hesabu ni mtengenezaji aliyemwacha nje.

Ni kweli kwamba hali ya mtandao imebadilika. Poa Internet imesambaza intaneti ya bei nafuu katika mitaa hiyo miwili, na shirika la Tunapanda limejenga mtandao wa intaneti wa jamii unaounganisha shule na vituo vya Kibera. Lakini mtandao bora hauifanyi simu kuukuu kuwa mpya. Tarehe 30 Septemba 2021 ulimalizika muda wa cheti cha msingi ambacho vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotolewa bure ili kuthibitisha tovuti na kuficha mawasiliano, vilikuwa vimekiegemea, na kwa kuwa simu za Android zilizotangulia toleo la 7.1.1 hazikukitambua cheti kipya, ilibidi upangwe utaratibu wa pekee uliozibeba hadi mwaka 2024. Hapa huruma kwa simu kuukuu ina mpaka: kuacha usimbaji, yaani ufichaji huo wa mawasiliano, ili simu hizo zihudumiwe ni kumtwika mgonjwa hatari ya kuibiwa siri zake, ilhali kuacha menyu ya kisasa hakumgharimu mtu chochote. Viwango vya usalama na viwango vya urembo haviwezi kupimwa kwa mizani moja.

Kanuni za usanifu wa HTML zilizochapishwa na W3C mwaka 2007 zinaunga mkono mtazamo huu, kwani panapotokea mgongano humtanguliza mtumiaji, kisha mwandishi wa ukurasa, halafu muundaji wa kivinjari, mwandishi wa kiwango, na mwisho usafi wa nadharia. Kenya nayo ina KS 2952 ya mwaka 2022, kiwango cha ufikivu wa bidhaa na huduma za kidijitali kwa watu wenye ulemavu, ambacho hakihitaji vifaa vya bei ghali. Ukurasa wa Kiswahili ukiachiwa alama ya lugha ya Kiingereza, programu ya kumsomea asiyeona huyatamka maneno kwa sauti za Kiingereza hadi yasieleweke, na dawa yake ni herufi mbili tu katika msimbo. Vivyo hivyo, kisanduku kilichotambulishwa kuwa cha namba ya simu huleta vitufe vya tarakimu kwenye simu inayokitambua, na kwenye isiyokitambua, kwa agizo la HTML yenyewe, hubaki kisanduku cha kawaida ambacho mtu hujaza na kutuma.