Akiba ya Pumzi

Kila kiungo cha mwili hufa kikikosa damu, lakini si vyote vifavyo kwa mwendo mmoja. Katika barafu figo huvumilia siku nzima. Moyo huvumilia saa chache tu. Mapafu yako baina ya viwili hivyo. Historia ya kupandikiza mapafu aghalabu husimuliwa kwa sifa za kisu. Walakini kisu kisingalikuwa na kazi kama pafu lingalifika mezani limekwisha kufa. Kwa hiyo historia ya kulihifadhi nayo yastahili kusimuliwa.

Tarehe 11 Juni 1963, katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani, Dakta James Hardy alitoa pafu la kushoto la mtu aliyekufa kwa maradhi ya moyo akampandikiza mgonjwa. Mgonjwa huyo aliishi siku 18. Miaka 20 ya majaribio ikafuata, na katika muda huo mpokeaji aliyeishi zaidi ya wenzake, aliyepasuliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1968, alipata miezi 10 tu. Mwaka 1983, huko Toronto, Kanada, Dakta Joel Cooper na wenzake walimpandikiza mtu aliyeishi zaidi ya miaka 6. Dawa ya saiklosporini, izuiayo mwili kukikataa kiungo kigeni, ilisaidia sana kuleta ushindi huo. Sasa swali likawa jingine: pafu litasafirije kutoka kifua cha marehemu mpaka kifua cha mgonjwa aliye mji wa mbali?

Jibu la kwanza lilikuwa baridi. Kiungo kilichopozwa hutumia nguvu kidogo, kwa hiyo hufa polepole. Pafu lilioshwa kwa maji ya dawa yaliyopitishwa katika mshipa wake mkuu, likafungwa katika barafu. Lakini maji hayo yalikopwa kwa figo; yalikuwa na potasiamu nyingi, nayo huifanya mishipa ya pafu ijikaze. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Japani na wa Toronto walitengeneza maji yenye potasiamu kidogo na dekstrani, yaliyolifaa pafu lenyewe. Ilijulikana pia kuwa pafu si kama figo: likijazwa hewa kabla ya kufungwa, vifuko vyake huendelea kupata oksijeni ijapokuwa damu imekoma. Pafu likawa linasafiri na pumzi yake ndani.

Hata hivyo baridi ilikuwa na kasoro moja kubwa. Pafu lililolazwa katika barafu haliwezi kuulizwa hali yake. Mpasuaji aliyekuwa na shaka hakuwa na njia ya kuiondoa, naye kwa kumhofia mgonjwa wake alilikataa. Zaidi ya mapafu 4 katika kila 5 yaliyotolewa yalihesabiwa kuwa hayafai. Yalihukumiwa bila kusikilizwa, na huku watu waliokuwa wakiyangoja walikufa.

Njia ya kuyasikiliza ilikuwa imekwisha kudokezwa zamani. Mwaka 1935, mjini New York, mganga Alexis Carrel na rubani Charles Lindbergh walionyesha pampu iliyoweza kukiweka hai kiungo cha mnyama nje ya mwili. Mwaka 2000, huko Lund, Sweden, Stig Steen na wenzake walilipima nje ya mwili pafu la mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama, kisha wakampandikiza mgonjwa. Toronto ikaiendeleza njia hiyo: mapafu huwekwa chini ya kuba angavu, yakapashwa moto hadi digrii 37, yakasukumiwa maji ya dawa na kupulizwa hewa taratibu kwa saa 4, huku waganga wakiyatazama na kuyapima. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, mapafu ya watoaji 23, yaliyokuwa na hatari kubwa ya kukataliwa, yalijaribiwa hivyo. Ya watoaji 20 yakapandikizwa, na hali ya waliopokea haikuwa mbaya kuliko ya wenzao waliopewa mapafu ya kawaida.

Hata baridi yenyewe ikaulizwa upya. Mwaka 2021 watafiti wa Toronto walieleza kuwa mapafu ya nguruwe yaliyowekwa katika digrii 10 kwa saa 36 yalikuwa na afya kuliko yaliyowekwa katika digrii 4. Barafu, iliyotumiwa miaka mingi kwa sababu ni rahisi kupatikana, haikuwa kipimo bora cha pafu.

Kiswahili huona undugu baina ya kupumua na kupumzika. Waganga walianza kwa kulipumzisha pafu kwa kulinyima kazi. Wakajifunza baadaye kuwa pafu lililochoka hupumzika vyema likiachwa lipumue. Faida ya elimu hiyo si saa tu. Ni haki kwa pande mbili: zawadi ya marehemu haitupwi kwa shaka, wala mgonjwa hapewi pumzi ambayo haijapimwa.