Selimundu Afrika Mashariki: Damu Ilipimwa, Maumivu Yakasubiri

Historia ya ugonjwa wa selimundu katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama historia ya damu, yaani ya chembe nyekundu zinazopinda na kuwa na umbo la mundu zinapokosa oksijeni, na ya wataalamu waliopata sifa kwa kulieleza jambo hilo. Kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huo, hata hivyo, na kwa wanaomlea, selimundu ni maumivu kwanza, na maumivu hayo yalikaa miongo mingi bila kushughulikiwa na sayansi iliyokwisha kuijua damu yake.

Mtoto huyo huzaliwa akionekana mzima, kwa sababu himoglobini aliyotoka nayo tumboni humkinga katika miezi ya mwanzo. Kinga hiyo inapopungua, mara nyingi akiwa na umri wa miezi sita hivi au zaidi, viganja na nyayo huweza kuvimba, ngozi ya vidole ikakaza, naye akalia kila anaposhikwa mkono, kwa kuwa chembe zilizopinda zimeziba mishipa midogo na mifupa imekosa damu. Baadaye maumivu huhamia miguuni, mgongoni na kifuani, yakaenda na kurudi, hasa anapopatwa na homa, baridi au upungufu wa maji mwilini. Kabla ya kuwapo maabara, tiba yote ilikuwa mikononi mwa mama, bibi na shangazi, waliomkanda mtoto kwa maji ya moto, wakamchua kwa mafuta, wakamfunika na kumnywesha kila mara; na ni haki kusema kwamba joto na maji bado ni sehemu ya ushauri unaotolewa kliniki hadi leo. Kilichowaumiza walezi hao zaidi ni maelezo ya chanzo, kwani katika jamii nyingi mtoto alidhaniwa amerogwa, au lawama ikaangukia ukoo wa mama peke yake, ilhali ugonjwa hautokei mpaka mtoto arithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Sayansi iliingia kwa njia nyingine. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizo baada ya kuziona katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, na mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe. Mwaka huohuo wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akakuta kinasaba hicho ni kingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, akiutegemeza kwa damu za watoto 290 wa Kiganda na kwa Waluo 30 wa kujitolea walioambukizwa malaria kwa makusudi, jaribio ambalo leo lisingekubalika. Ugunduzi huo ni mkubwa na unastahili heshima yake, ila katika maandiko yaliyoufuata mtoto mwenye vinasaba viwili aliingia zaidi kama gharama ya kinga ya wengine kuliko kama mgonjwa anayelia usiku.

Maumivu yenyewe yalianza kupewa uzito kupitia mlango wa saratani na UKIMWI. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala kuwahudumia wagonjwa wa maradhi hayo, ambako unga wa mofini ulichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu ambayo mgonjwa angeitumia nyumbani, na mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya kudumu kwa watoto, ukiweka ngazi mbili tu: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, na mofini kwa ya wastani hadi makali.

Kwa selimundu hasa, badiliko kubwa limetokana na haidroksiurea, dawa inayoamsha upya himoglobini ya uchanga. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba ingewadhuru watoto wa maeneo yenye malaria, mpaka utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kongo na Angola, ukachapishwa mwaka 2019, ulipoonyesha kwamba vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, na malaria na vifo vikapungua pia. Watoto wa ukanda uleule uliowahi kupimwa damu kwa ajili ya nadharia ya malaria sasa walikuwa wakihesabiwa siku zao za maumivu, na wazazi wao ndio waliowanywesha dawa hiyo kila siku.