Balozi

Ukifika Ujiji kumtafuta fundi mitumbwi usiyemjua kwake, hupigi hodi kila mlango. Unamwuliza balozi wa nyumba kumi. Neno lenyewe limesafiri: watu wa Venice walimwita mwakilishi wao kule Istanbul “bailo”, Waturuki wakasema “balyos”, nasi tukapata balozi.

Intaneti nayo ina balozi wake, DNS, iliyobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Unaandika jina la tovuti, yeye anakupa namba ya kule inakokaa. Kwa kawaida balozi huyo ni wa kampuni inayokuuzia bando. Akichelewa kujibu, ukurasa nao unachelewa. Tena anajua kila mlango uliouulizia, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Nyumbani Mwanga nilifungua mipangilio ya ruta, nikafuta namba zilizokuwamo, nikaandika 1.1.1.1, balozi wa kampuni ya Cloudflare, aliyeanza mwaka 2018. Kwenye simu nikawasha DNS ya faragha, inayosimba swali lisisomwe njiani. Balozi mpya naye anasikia maswali yangu, ila ameahidi kutoyauza.

Naomba tumwite hivyo, balozi. Ukisema “seva ya DNS”, mama anayeanika dagaa Kibirizi hakuelewi. Balozi anamjua mpaka kwake.