Tanzania katika Olimpiki: Medali Mbili na Mbio Zisizokimbiwa

Medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania inazo zilipatikana Moscow mwaka 1980, katika siku mbili zilizofuatana, na zote ni za fedha. Anayeipima timu yetu ya taifa kwa medali peke yake ataishia hapo, na atakuwa ameacha mengi.

Wanariadha wetu wa kwanza walishiriki Tokyo, Oktoba 1964, na kumbukumbu za michezo ile zinawaandika kwa jina la Tanganyika. Kamati ya Olimpiki Tanzania iliundwa mwaka 1968. Mwaka huohuo, kwenye marathoni ya Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea akichechemea. Alipoingia uwanjani ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde, na watazamaji wengi walikwishaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Kisha akaja Filbert Bayi. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, Februari 1974, alichomoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500, na John Walker wa New Zealand hakumpata hadi mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2: rekodi ya dunia. Walker mwenyewe, wa pili, aliivunja ile ya zamani.

Wapenzi wa riadha walisubiri marudiano Montreal 1976. Hayakuwepo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nayo New Zealand ikaachwa ishiriki Olimpiki. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 za Afrika zikasusa. Walker alitwaa dhahabu kwa 3:39.2, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi kule Christchurch. Hakuna ajuaye nani angeshinda, ila najua kwamba kilele cha mkimbiaji ni kifupi, na cha Bayi kilitolewa kwa ajili ya uhuru wa watu wengine. Kwangu mimi, heshima hiyo haipungui mbele ya medali yoyote.

Moscow, Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza tena, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho. Kesho yake Suleiman Nyambui alimaliza mita 5,000 chini ya sekunde moja nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

Baada ya hapo, ukame. Alphonce Simbu ndiye aliyetusogeza tena karibu na medali: wa tano katika marathoni ya Rio 2016, kisha wa saba kwenye Olimpiki ya Tokyo. Septemba 2025 alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya Olimpiki bado tunaidai.