Suhayb: Mwarabu Mwenye Ulimi wa Kirumi

Suhayb bin Sinan (r.a.) alizaliwa Mwarabu wa kabila la Namir bin Qasit, nchi ya Iraq, chini ya utawala wa Kisra. Warumi waliposhambulia walimteka angali mtoto. Akakulia kwao, akaushika ulimi wao, na Kiarabu chake kikawa kizito. Wapo wasemao aliuzwa Makka, wapo wasemao alitoroka. Kwa vyovyote akawa chini ya Abdullah bin Jud'an, na watu wakamwita Mrumi.

Jambo la nasaba si dogo katika sharia. Mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake, naye anajua, ameonywa vikali. Ndiyo maana Abdurrahman bin Auf (r.a.) alimnasihi amche Mwenyezi Mungu, asidai baba asiyekuwa wake. Suhayb akajibu kwamba hata kwa mali nyingi asingefanya hivyo, bali yeye aliibwa akiwa mtoto. Bukhari ameipokea habari hii, tena katika mlango wa biashara! Matamshi yake yalimshitaki. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya utotoni tu.

Alipohajiri aliwaachia Makureshi mali yake. Na mwaka 23 H (644), Umar (r.a.) alipochomwa jambia, aliusia Suhayb awasalishe watu mpaka Khalifa apatikane. Sisi madrasa tulipita hapa mbio kuelekea habari za Shura. Lakini siku zile Muhajirina na Ansari walisimama safu nyuma ya ulimi ule ule, na ndiye aliyemsalia Umar jeneza.